TUSIIKATE MIPLAMU: BARIDI YETU NI MALI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Natumai unalisoma gazeti hili la chama chetu ukiwa mahali penye joto kidogo, maana baridi ya huku kwetu Kinangop haina simile. Ni juu ya baridi hiyo hiyo ninataka kutoa maoni yangu leo.

Najua tayari kuna mtu anayecheka. "Tazama huyu! Wenzake wameandika juu ya ukimwi, dawa za kulevya na mapenzi ya wanafunzi, yeye anatuletea shamba." Wacha acheke. Akimaliza kucheka naomba asome mpaka mwisho, kwa kuwa jambo hili linaingia mfukoni mwa kila mzazi anayetulipia chakula cha mchana hapa shuleni.

Maoni yangu ni haya: sisi watu wa sehemu za baridi tunaikata mali yetu kwa panga na shoka. Kila siku natembea dakika 40 kuja shuleni. Nilipoingia Kidato cha Kwanza, karibu kila shamba kwenye njia hiyo lilikuwa na miplamu na mipeasi mpakani. Leo nimehesabu mashamba 7 ambako miti hiyo imeng'olewa, na mahali pake pamepandwa viazi au kabeji. Mti uliochukua miaka mingi kukua unaangushwa asubuhi moja, na jioni umeshakuwa kuni. Ukiuliza sababu unaambiwa, "Hii miti inafanya nini hapa? Inakula mbolea ya bure tu."

Kabla sijaendelea, tuelewane juu ya majina, kwa sababu hiki ni chama cha Kiswahili. Tunda ambalo mwalimu wetu analiita tufaha, sokoni linaitwa epo, na ukimwambia mwenye kibanda akuuzie tufaha atakutazama kama mtu aliyetoka mbali. Tena huko Pwani neno tufaha au tofaa lilikuwa jina la tunda jingine kabisa, la mti unaopenda joto. Plamu na peasi nayo ni maneno ya mkopo. Mimi sioni ubaya. Watu wa Mombasa hawakuhitaji sana maneno hayo kwa sababu miti hiyo haizai kwenye joto lao. Wao wana nazi na maembe, sisi tuna plamu. Mungu aligawa kwa haki, ila sisi ndio tunaoitupa sehemu yetu.

Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kando ya milima ya Aberdare. Wakati wa ukoloni ardhi hii ilikuwa ya masetla. Katika miaka ya 1960 mashamba yao yaligawanywa, na wengi wa babu zetu walipata vipande vyao wakati huo. Walifuga ng'ombe wa maziwa, wakapanda viazi na pareto, na aghalabu kila mtu aliweka miti michache ya matunda karibu na boma. Miti hiyo ndiyo tunayoiona leo ikiwa na mashina manene na matawi yaliyojaa kuvu. Ni mizee, lakini Desemba ikifika bado inainama kwa uzito wa matunda.

Watu wengi hufikiri kwamba kila mti wa matunda unapenda joto. Hiyo ni kweli kwa mwembe na mnazi. Lakini mplamu, mpeasi, mpichi na mtufaha ni miti ambayo asili yake ni nchi zenye majira ya baridi. Huko kwao, baridi ikiingia, mti hupukutisha majani na kulala. Ukiwa umelala, vichipukizi vyake huwa kama vinahesabu saa za baridi. Wataalamu nao huzihesabu: ni zile saa ambazo hewa iko kati ya nyuzi 0 na 7 hivi za Selsiasi. Saa zikitimia, na joto likarudi, mti huamka wote kwa pamoja. Zisipotimia, mti huamka nusunusu. Tawi hili lina maua, lile bado limelala, na majani yanatoka kwenye ncha tu. Matunda huwa machache au hakuna kabisa.

Hapo ndipo lilipo fumbo la epo za zamani. Babu yangu alipanda mtufaha mmoja nyuma ya nyumba. Mti ulirefuka, ukatoa majani mazuri, lakini matunda ng'o! Majirani wakakata shauri kwamba epo haikubali huku. Ukweli ni kwamba aina nyingi za tufaha za Ulaya zinataka saa 800, hata 1,000 na zaidi za baridi. Usiku wetu ni wa baridi, lakini hatuna miezi mizima ya baridi kama wao. Jua la mchana likiwaka, usingizi wa mti unakatika. Kwa hivyo mti wa babu haukuwa mvivu. Ulikuwa unangojea baridi ndefu ambayo haiji.

Bahati nzuri kuna aina zinazotosheka na baridi ya kadiri. Tufaha la Anna lilitoka Israeli, nchi ambayo ina joto kuliko kwetu, na linatosheka na saa kama 300 au hata chini ya hapo. Dorsett Golden lilitoka visiwa vya Bahamas. Inafaa mitufaha hii miwili ipandwe jirani, kwa sababu Anna huzaa vizuri ukipata chavua ya mwenzake. Nyuki ndio wapelekaji wa chavua hiyo, kwa hivyo anayenyunyiza dawa ya wadudu wakati wa maua anajiharibia mwenyewe. Kwa upande wa plamu tuna Methley, ambayo asili yake ni Afrika Kusini, na Santa Rosa, iliyotolewa na Luther Burbank kule California mwaka 1906. Plamu hizi si za majaribio tena. Zimezaa katika nyanda zetu za juu kwa miaka mingi, na wewe msomaji huenda umezila bila kujua jina.

Sitaki kudanganya kwamba baridi haina hasira. Adui yetu mkubwa ni jalidi, yaani ule umande unaoganda usiku usio na mawingu wala upepo. Sisi tunaotembea kuja shule tunaijua: asubuhi nyasi ni nyeupe kana kwamba zimenyunyiziwa chumvi, na vidole vya miguu havisikii kitu. Januari 2012 jalidi iliunguza majani chai Kericho na Nandi, na hapa kwetu huunguza viazi mara kwa mara. Shamba la viazi linaweza kulala likiwa kijani na kuamka likiwa jeusi. Mbegu, mbolea na dawa, vyote vimekwenda. Mplamu nao ukishikwa na jalidi ukiwa na maua, maua hufa. Lakini mti wenyewe unabaki umesimama, na mwaka unaofuata unazaa bila wewe kununua mbegu upya. Hiyo ni tofauti kubwa sana kwa mtu maskini.

Isitoshe, jalidi ina tabia ambazo mkulima anaweza kuzijua. Hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka kama maji hadi bondeni na kutuama huko. Anayepanda miche yake chini kabisa kando ya mto ameipeleka kwenye dimbwi la baridi. Heri apande kwenye mteremko. Na ikiwa ua wa shamba umesongamana upande wa chini, aache mwanya ili hewa hiyo ipite iende zake. Miche michanga nayo inaweza kufunikwa usiku kwa nyasi au gunia kuukuu. Mambo haya hayahitaji pesa, yanahitaji macho.

Wenzetu wa nchi nyingine walishajua kuishi na baridi zao. Huko Siberia, ambako baridi inaweza kuua mti mzima, kuna watu wanaoilaza mitufaha ikue ikitambaa chini, ili theluji iifunike kama blanketi. Huko Batu, katika kisiwa cha Java, shida ni kinyume: hakuna majira ya baridi kamwe. Wakulima wa huko huyang'oa majani ya mitufaha kwa mikono baada ya kuvuna, nayo miti hutoa maua upya, wakavuna mara mbili kwa mwaka. Kule India, Mmarekani mmoja aitwaye Samuel Stokes alipanda matufaha ya aina ya Delicious katika vilima vya Kotgarh karibu mwaka 1916. Majirani wakafuata, na leo Himachal Pradesh ni mojawapo ya majimbo makubwa ya matufaha nchini humo. Hata jirani zetu wa Ethiopia, katika milima ya Chencha iliyo juu ya mji wa Arba Minch, wanapata pesa kwa kuuza matufaha na miche yake. Chencha ni mahali pa juu na pa baridi kama hapa. Je, sisi tumelogwa na nani?

Sasa nije nyumbani. Baba yangu amesema kwamba miplamu yetu 6 itakatwa baada ya msimu ujao ili viazi vipate nafasi. Mzee wangu namheshimu, na najua gazeti hili likifika nyumbani atalisoma, pengine kwa sauti. Lakini mhariri alituomba maoni yetu ya kweli, kwa hivyo nitaeleza sababu zake kwa haki, kisha nitoe zangu kwa adabu.

Sababu yake ya kwanza ni kwamba viazi vinaleta pesa kwa miezi 3 au 4, ilhali mche wa plamu unangojewa miaka 3 au 4. Ni kweli kabisa. Lakini miti yetu haingojewi tena, inazaa sasa. Na hata mtu anayepanda miche leo anaweza kupanda viazi au maharagwe katikati ya mistari mpaka miti ikue. Hakuna aliyesema viazi viondoke Kinangop. Ninachosema ni kwamba mtu asiweke mayai yote katika kikapu kinachobebwa na broka mmoja. Viazi vikiwa vingi kila mahali, bei inaanguka na broka ndiye anayepanga. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini mimi kwa macho yangu nimeona lumbesa ikishonwa baada ya hapo, imevimba kama chura.

Sababu ya pili ni kivuli. Kweli, mti usiopogolewa unafunika shamba. Basi tuupogoe! Miti mingi ya kwetu haijaguswa na msumeno tangu babu aache kupanda ngazi. Ukiondoa matawi yaliyokufa na yale yanayosongamana katikati, mwanga unaingia, matunda yanakuwa makubwa, na viazi vilivyo chini vinapata jua. Miti ikiwa mpakani na kwenye kingo za matuta, inashika udongo usichukuliwe na mvua.

Sababu ya tatu ndiyo nzito: plamu hazina bei. Msimu uliopita broka mmoja alikuja kwetu na gari, akanunua plamu kwa shilingi 300 kila ndoo ya lita 20. Ndoo hiyo inajaza gorogoro 10 hivi. Kule barabarani, upande wa Flyover na Soko Mjinga ambako magari ya Nairobi na Nakuru hupita, gorogoro moja ilikuwa ikiuzwa shilingi 100. Piga hesabu. Sisi tuliopalilia, tukapanda mti, tukachuma tukichunwa na matawi, tulipata 300; waliosafirisha na kuuza waligawana 700. Mzee aliona hivyo akaukasirikia mti. Lakini mti umekosa nini? Mwenye makosa ni njia ya kwenda sokoni. Nyumba 10 zikikusanya plamu zao na kukodisha pikapu moja, hazimhitaji yule mtu. Umoja ni nguvu, na huo si wimbo wa paredi tu.

Tena kuna jambo ambalo watu hawalitaji, nalo ndilo linalonigusa mimi. Plamu zetu huiva kati ya Desemba na Februari. Huo ndio wakati gani? Ni muhula wa kwanza! Ni wakati wa sare, vitabu na pesa za chakula cha mchana. Mara nyingi viazi huwa bado vimo udongoni, au vimeshauzwa na pesa zimeliwa Krismasi. Mwaka juzi Januari sikuwa miongoni mwa wale waliorudishwa nyumbani kutafuta pesa za chakula. Sikuwa na mfadhili. Mama aliuza plamu kwa wiki 3 mfululizo na akalipa. Mwenzangu mmoja, ambaye kwao walikuwa wameng'oa miti yao, alikaa nyumbani siku 9, na alipata taabu kuyafikia masomo ya hesabu. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba miti hii haifanyi kitu, nitamuuliza: pesa zangu za chakula zilitoka wapi?

Juu ya hayo, tutazame matufaha yanayouzwa hapa stendi. Moja ni shilingi 40 au 50, na mengi yamevuka bahari au mipaka kutoka Afrika Kusini na kwingineko. Tunauza plamu kwa ndoo ili tununue epo moja moja. Mkulima wa Afrika Kusini lazima anatushukuru kila jioni.

Lakini anayetaka kupanda awe mwangalifu. Jirani yetu aliuziwa miche 10 ya matufaha kando ya barabara kwa shilingi 300 kila mmoja. Muuzaji aliapa kwamba imeunganishwa. Kumbe ilikuwa imeota kutokana na mbegu tu, na mbegu ya tufaha haitoi mti ulio sawa na mama yake. Unaweza kungoja miaka mingi upate vitunda vichungu. Mche wa kweli umeunganishwa: kikonyo cha mti mzuri kimefungwa juu ya shina la mche mwingine mpaka vikashikana. Kwa hivyo tazama shina karibu na udongo. Usipoona kovu au kipindo cha pale palipounganishwa, usitoe pesa. Uliza pia jina la aina, na kama muuzaji hajui jina, nenda zako.

Kazi hii ya kuunganisha si uchawi. Plamu huunganishwa vizuri juu ya mche wa pichi, na mbegu za pichi tunazitupa kila siku hapa kwetu. Kinachohitajika ni kisu kikali, ukanda wa plastiki wa kufungia, na mkono mtulivu. Shimo la kupandia liwe la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza, na lile kovu libaki juu ya udongo. Baada ya hapo ni kumwagilia, kupalilia na kuzuia mbuzi. Mbuzi ni hatari kuliko jalidi!

Kutokana na hayo yote, nina maombi matatu. Kwanza, kwa wazazi wetu wa Kinangop, Limuru, Molo na kila mahali penye baridi: kabla ya kuinua shoka, jaribuni msumeno wa kupogolea kwa msimu mmoja. Mti ukikatwa haurudi, lakini uliopogolewa vibaya utachipuka tena. Pili, kwa serikali ya kaunti: tuletewe mtu wa kutufunza kupogoa na kuunganisha huku vijijini, na wauzaji wa miche wakaguliwe. Tatu, kwa uongozi wa shule yetu: nyuma ya maabara kuna kipande cha ardhi kinachoota magugu. Wanafunzi wa somo la Kilimo wakipewa kipande hicho, wanaweza kukuza miche ya pichi kutokana na mbegu na kuunganisha plamu juu yake. Kila anayemaliza Kidato cha Nne aondoke na mche mmoja wa kupeleka kwao. Sisi wa Chama cha Kiswahili tutaandika vibao vya majina, na hapo ndipo neno tufaha litakapopata kazi ya kweli.

Najua mzee atanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami namkumbusha kwa heshima kwamba mchumia juani hulia kivulini, na kivuli hicho babu alishatupandia. Hatujui baridi hii itabaki hivi mpaka lini, maana hata barafu ya Mlima Kenya inaendelea kupungua. Basi tuitumie ingali ipo.

Naomba kukomea hapa. Mwenye maoni tofauti na ashike kalamu ajibu katika toleo lijalo. Ila asije akaandika kwamba miplamu haina faida akiwa na plamu mdomoni.